Kuchagua Spika za Kompyuta: Soma Lebo Kabla ya Kulipa

Siku hizi kompyuta zimefika vijijini. Ziko shuleni, ziko kwenye ofisi za vikundi, na nyumba nyingine zinazo. Kazi ikiisha, watu hupenda kukaa na kusikiliza muziki. Lakini spika zilizomo ndani ya kompyuta ni ndogo mno. Besi haisikiki, na watu watatu wakianza kuzungumza, wimbo wote unapotea. Ndipo watu huamua kununua spika za pembeni.

Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kuzichagua. Fedha za kununulia zimetoka kwenye mahindi, kwenye pamba, au kwenye michango ya kikundi. Zikitumika vibaya hazirudi. Tutaona pia kwamba kinga ya mnunuzi ni ile ile tuliyoipata darasani, yaani kusoma na kuhesabu.

1. SPIKA ZIKO ZA AINA MBILI

Aina ya kwanza haina amplifaya ndani yake. Amplifaya ni chombo cha kukuza sauti. Ukiichomeka spika ya namna hii kwenye kompyuta, utasikia mnong'ono tu. Sababu ni kwamba tundu la sauti la kompyuta hutoa umeme kidogo sana.

Aina ya pili ina amplifaya yake humo humo ndani. Utaijua kwa alama hizi: ina waya wa umeme au betri ya kuchaji, na ina kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti. Hiyo ndiyo inayofaa kompyuta. Ile seti tunayoiita sabufa, yenye boksi moja kubwa la besi na spika ndogo za pembeni, nayo ni ya aina hii ya pili.

2. NAMBA YA MBELE NA NAMBA YA NYUMA

Sasa tuko dukani. Tuseme boksi limeandikwa mbele, kwa herufi kubwa za rangi: WATI 3,000 PMPO. Wati ni kipimo cha nguvu. Mwenzetu mmoja atashangaa: "Wati 3,000! Hii itasikika mpaka kijiji cha pili!"

Taratibu, ndugu. Kipimo hiki cha PMPO hakina kanuni moja iliyokubaliwa. Kila kiwanda kinaweza kupiga hesabu yake kinavyopenda. Namba hiyo imewekwa ili ivutie macho. Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma.

Geuza spika. Tafuta lebo ndogo ya nyuma, au iliyo kwenye adapta, yaani kile kidude cha umeme kinachochomekwa ukutani. Tuseme mahali pa umeme unaotoka pameandikwa: 12 V, 1.5 A. Herufi V ni volti, na A ni ampia. Hesabu yake ni rahisi:

Volti mara ampia ni sawa na wati.
12 × 1.5 = 18.

Kumbe adapta inatoa wati 18 tu! Ukimimina lita 18 kwenye pipa tupu, huwezi kuchota lita 3,000. Tena, sehemu ya zile 18 hupotea kwa joto kabla ya kuwa sauti.

Ziko pia spika ndogo zinazochukua umeme kwenye tundu la USB la kompyuta. Tundu la kawaida la zamani hutoa volti 5 na nusu ampia. 5 × 0.5 = 2.5. Wati mbili na nusu humtosha mtu mmoja aliyekaa mezani. Hazitoshi darasa zima.

Je, tuamini namba gani? Tafuta herufi RMS. Hizo huonyesha nguvu ambayo spika inaweza kuitoa kwa kuendelea. Ukilinganisha spika mbili, pima RMS ya hii kwa RMS ya ile. Usipime RMS ya moja kwa PMPO ya nyingine. Hiyo ni sawa na kulinganisha debe na kibaba.

Na jambo jingine. Wati zikiongezeka mara mbili, sauti haiongezeki mara mbili masikioni. Ili sikio lione kuwa sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inatakiwa iongezwe karibu mara kumi. Kwa hiyo tofauti ya wati 20 na wati 25 ni ndogo sana. Usiilipie fedha nyingi.

3. KAMA MNATUMIA UMEME WA JUA

Hapa hesabu ni ya lazima. Tuseme kikundi kina betri ya asidi ya volti 12, yenye ampia-saa 50.

12 × 50 = 600. Hizo ni wati-saa 600.

Betri ya asidi hudumu zaidi msipoimaliza chini ya nusu. Basi tuhesabu 300 tu. Tuseme kompyuta yenu inakula wati 40. Kwa saa 4 itakula 160. Spika ya wati 18, hata ikipigwa kwa nguvu zake zote, kwa saa 4 itakula 72. Jumla ni 232. Mnabaki na 68 za taa.

Sasa tuseme mmenunua sabufa inayokula wati 60. Kwa saa 4 ni 240. Ongeza 160 za kompyuta, jumla ni 400. Mmepita nusu ya betri. Mkifanya hivyo kila jioni, betri itakufa mapema, na betri mpya inaweza kuwagharimu kuliko hiyo spika. Na kama sabufa ni ya volti 230, mtahitaji inveta, nayo inakula umeme wake.

4. JARIBU KABLA YA KULIPA

Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda na kompyuta, au simu yenye tundu la hedifoni. Uwe na nyimbo unazozijua vizuri. Wimbo wa dansi unafaa sana, maana una waimbaji, magitaa na ngoma. Omba spika iwashwe, kisha chunguza haya:

(a) Je, maneno ya mwimbaji yanasikika wazi?
(b) Je, gitaa la besi linasikika likitembea, noti moja moja? Au ni mvumo mmoja tu, vuuu?
(c) Ongeza sauti mpaka kiwango mtakachotumia. Je, inakoroma?
(d) Simamisha wimbo, spika iendelee kuwaka. Je, inanguruma?
(e) Je, spika ya kulia na ya kushoto zote zinalia?
(f) Gusa waya kidogo kwenye tundu lake. Je, sauti inakatika?

Kumbuka kuwa wimbo ulionakiliwa vibaya hautaponywa na spika nzuri. Basi jaribu kwa wimbo safi. Ukiridhika, dai risiti, na uulize waranti ni ya muda gani. Muuzaji akinuna, usione haya. Kuuliza si ujinga.

5. NAMNA YA KUZIPANGA

Umefika nyumbani. Weka spika moja kulia na nyingine kushoto, zikitazama upande wako. Umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali wa kutoka kila spika hadi ulipokaa. Ziwe karibu na usawa wa masikio, si sakafuni. Ukizisukuma kwenye kona ya ukuta, besi itazidi na kuwafunika waimbaji. Zivute mbele kidogo. Kazi hii haina gharama yoyote, lakini faida yake utaisikia mara moja.

Mwisho, tunza masikio. Kama inakubidi upige kelele ndipo mtu aliye karibu nawe akusikie, basi sauti imezidi. Sikio likishaharibiwa na kelele, duka la kununulia jingine hakuna.

Ndugu msomaji, maandishi makubwa ya mbele yanasomwa na kila mtu. Wewe soma na yale madogo ya nyuma, halafu piga hesabu. Hapo fedha yako itakuwa imenunua muziki, si namba.

MASWALI YA KUJADILI

1. Utaitambuaje spika yenye amplifaya ndani?
2. Adapta imeandikwa inatoa 9 V, 2 A. Ni wati ngapi?
3. Boksi la spika hiyo linasema wati 1,200 PMPO. Utamwambia nini mwenzako anayetaka kuinunua kwa sababu ya namba hiyo?
4. Tafuteni lebo ya redio, chaja au spika iliyopo kijijini. Someni volti na ampia zake, kisha pigeni hesabu ya wati kwa pamoja.