Kivumbasi na Msitu wa Kakamega

Kandokando ya njia nyingi za Afrika Mashariki huota mmea mfupi wenye harufu kali, nao huitwa kivumbasi. Wengi hukikanyaga wala hawakijali; lakini mtu akichuma jani lake na kulifikicha, hutambua mara ya kuwa hilo si gugu tu.

Kivumbasi ni ndugu wa nanaa na mrehani, na ujamaa wao hujulikana kwa dalili tatu. Kwanza, shina lake changa lina pembe nne, si la mviringo. Pili, majani yake hutoka mawili mawili, yakielekeana. Tatu, ua lake dogo lina midomo miwili, wa juu na wa chini. Nyuki huingia humo kutafuta nekta, akatoka na chavua na kuipeleka katika ua jingine. Ua likiisha kuanguka, ndani ya kikombe chake hubaki mbegu nne ndogo.

Viko vivumbasi vya namna nyingi. Kimoja kina harufu ya kafuri; wataalamu wamekipa jina la mlima Kilimanjaro, na Waluhya wa magharibi ya Kenya hukiita mwonyi. Tangu zamani watu wakipatwa na mafua huvuta mvuke wa majani yake, tena huyachoma nyumbani ili kufukuza mbu. Hata hivyo moshi wake hautoshi kuzuia malaria: chandarua ni lazima, na mwenye homa hupelekwa hospitali.

Katika nchi hiyo ya Waluhya uko msitu wa Kakamega, masalio ya misitu mikubwa iliyoenea kutoka Kongo. Wamo ndege na vipepeo wasioonekana penginepo katika Kenya. Lakini watu wa kando yake ni wengi na mashamba yao ni madogo. Kwa hiyo aliyekosa fedha aliingia msituni kukata kuni, kuchoma makaa na kung'oa dawa. Mti mkubwa huangushwa kwa saa chache, lakini kukua kwake ni kazi ya miaka mingi.

Mwaka 1997 wakulima wa huko walifanya chama, kiitwacho Muliru, ili wautunze msitu. Waliona ya kuwa katazo peke yake halimshibishi mtu. Basi, wakisaidiwa na wataalamu, wakapanda mwonyi mashambani mwao, wakajifunza kutoa mafuta yake na kufanya marhamu ya kuchua, iitwayo Naturub. Mwaka 2010 chama hicho kilipewa Tuzo ya Ikweta, itolewayo kwa msaada wa Umoja wa Mataifa.

Kilimo chake si kigumu. Mbegu, kwa kuwa ni ndogo sana, huchanganywa na mchanga na kumwagwa juu ya kitalu, kisha hufunikwa kwa udongo kidogo tu. Miche ikipata nguvu huhamishwa shambani wakati wa mvua, ikaachiwa nafasi ya kutanuka. Wakati wa kuvuna, mkulima hukata matawi kwa kisu wala hang'oi shina, ili lichipuke tena.

Majani hutiwa katika pipa, na mvuke wa maji ya moto hupitishwa kati yake. Mvuke huchukua mafuta, hupita katika bomba lililopozwa, ukageuka kuwa maji. Mafuta huelea juu, yakaenguliwa.

Hivyo mmea uliokuwa ukitafutwa msituni sasa huvunwa karibu na mlango wa nyumba. Mkulima hupata fedha, na msitu hupata nafuu. Akiba haiozi.

Maswali
1. Taja dalili tatu za ujamaa wa kivumbasi na nanaa.
2. Kwa nini katazo peke yake halikutosha kuulinda msitu?
3. Kwa nini mkulima hang'oi shina?
4. Ni mmea gani wa porini kwenu ufaao kupandwa? Eleza sababu.