Nati isiyohitaji kushikwa kwa nyuma

SWALI: Mimi ni fundi wa vyuma Kariobangi Light Industries. Nasikia injini za ndege zina nati zinazojishikilia zenyewe mahali ambapo spana haifiki. Zimeundwaje, na uzi ukilika hubadilishwaje?

JIBU: Nati hiyo hukaa ndani ya kikapu kidogo cha chuma kilichopigwa riveti nyuma ya bati. Ina masikio mawili yanayogota kwenye kuta za kikapu ili isizunguke bolti inapokazwa. Iachie nafasi ndogo ya kucheza, maana matundu ya mabati mawili yanayounganishwa hayalingani kikamilifu.

Siri ya kuibadilisha ni klipu ya waya wa springi inayofunga mdomo wa kikapu. Uzi ukilika, ng'oa klipu, toa nati, weka mpya. Riveti haziguswi, na bati halitobolewi upya. Klipu ishike imara: nati ikidondoka ndani ya injini yaweza kuvunja mapanga yake.

Karibu na injini, usitumie nati yenye pete ya nailoni. Kikomo chake ni takriban nyuzi 120 za Selsiasi. Hutumika ya chuma kitupu, iliyobanwa kidogo mdomoni ili ing'ang'anie bolti. Nyingi hupakwa fedha, nyuzi zisigandane kwa joto.

Muundo huu utafaa sana kwenye bodi za matatu. Kwa ndege, usiuze ulichochonga: kipuri lazima kiwe na hati za uidhinishaji zinazokubaliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya.