NGE NA BUIBUI WA NYIKA, NA KAZI YA WANAOWACHUNGUZA

Katika nchi ya Marungu, upande wa kusini-mashariki wa Voi, reli na barabara kuu ya Mombasa hupita katikati ya nyika kavu ya miiba. Huko mtu mwangalifu havai kiatu asubuhi bila kukikung'uta kwanza, wala haokoti kuni gizani kwa mkono mtupu. Sababu ni nge. Mchana hujificha chini ya mawe, ndani ya magogo, katika nyufa za kuta za udongo na katika nguo zilizoachwa sakafuni. Usiku hutoka kuwinda, hasa baada ya mvua za kwanza, wakati kumbikumbi na wadudu wengine wanapokuwa wengi.

Watu wengi humpima nge kwa ukubwa wake. Akionekana nge mkubwa mweusi, mwenye magando mapana kama ya kaa, nyumba nzima hupiga kelele. Akionekana mdogo wa rangi ya manjano, mtoto huachwa amchezee kwa kijiti. Kipimo hicho si sahihi, na chaweza kumponza mtu. Wataalamu hutazama vitu viwili, magando na mkia. Nge mwenye magando mapana na mkia mwembamba hutegemea zaidi nguvu za magando yake. Humkamata mdudu na kumponda, na sumu yake kwa kawaida huleta maumivu tu. Mwenye magando membamba na mkia mnene hana nguvu ya kuponda, kwa hiyo hutegemea mwiba, na sumu yake ndiyo ya kuogopwa zaidi. Nge wa jamii iitwayo Parabuthus, wapatikanao sehemu kavu za Kenya, ni wa namna hii ya pili. Wengine wao ni wakubwa, wengine wadogo. Wengine ni wa manjano, wengine weusi. Rangi haisemi neno. Baadhi yao wakichokozwa huusugua mwiba juu ya mkia wao wenyewe na kutoa sauti ya kukwaruza, nayo ni onyo. Kanuni hii ya magando haikosi kasoro, lakini ni bora kuliko ile ya ukubwa.

Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni, na kitambaa chenye maji baridi kiwekwe juu yake. Pasichanjwe kwa wembe, wala pasifyonzwe kwa mdomo, wala mguu usifungwe kamba. Mambo hayo huongeza madhara wala hayaitoi sumu. Mtu mzima mara nyingi hupona baada ya maumivu ya saa kadhaa. Mtoto mdogo ni habari nyingine, maana sumu ile ile huenea katika mwili ulio mdogo. Akianza kutokwa na mate mengi, kutoa jasho, kutapika, kurukaruka misuli, au kupumua kwa shida, hakuna jambo la kungojea: apelekwe hospitali mara moja, na kwa watu wa Marungu hospitali kubwa ni ile ya Rufaa ya Kaunti ya Moi, mjini Voi.

Nge na buibui ni ndugu. Katika maneno ya kila siku huitwa wadudu, lakini katika elimu ya viumbe mdudu halisi ana miguu sita, nao wana minane. Nge amekuwako duniani muda mrefu ajabu: mabaki ya nge wa kale yaliyogeuka mawe yana umri wa zaidi ya miaka milioni 430, kabla hajakuwako ndege, wala mnyama anyonyeshaye, wala ua lolote. Siri ya kuishi kwake katika nchi kavu ni ubahili. Gamba lake lina nta izuiayo maji yasitoke mwilini, na mwili wake hutumia nguvu kidogo sana, hata aweza kukaa miezi mingi bila kula. Miguu yake husikia mtikisiko mdogo wa mchanga, na chini ya tumbo ana vitana viwili vya kupapasia ardhi. Hatagi mayai, huzaa watoto hai, weupe na laini, ambao hupanda mgongoni mwa mama na kukaa huko mpaka wajivue gamba la kwanza. Iko hadithi kwamba watoto hao hupasua mgongo wa mama yao na kumla. Si kweli.

Zamani mtu aliyetaka kuwachunguza nge alipindua mawe mchana kutwa, na jioni akarudi na wawili au watatu. Mnamo mwaka 1954 wataalamu waliandika kwamba gamba la nge hung'aa kwa rangi ya kijani na samawati likimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, ambao macho ya binadamu hayauoni. Siku hizi mtafiti huenda nyikani usiku usio na mwezi, amevaa viatu virefu, taa hiyo mkononi na koleo mfukoni, na nge huonekana kama makaa ya kijani juu ya udongo. Lakini nge aliyezaliwa karibuni, au aliyejivua gamba usiku ule, hang'ai mpaka gamba limekuwa gumu. Asiyejua hayo atahesabu pungufu. Tena katika nyika inayopakana na Tsavo kazi ya usiku ina hatari kubwa kuliko nge, nayo ni ndovu. Mtu aliyeinama kutazama ardhi aweza asimwone mpaka amemkaribia, ndiyo maana haifai kwenda peke yake.

Buibui hutafutwa kwa njia nyingine. Macho ya baadhi ya wale wawindao ardhini humeta mbele ya tochi kama matone ya umande. Wengine hunaswa katika vikombe vilivyofukiwa mpaka mdomoni, wengine huchekechwa kutoka majani makavu. Wako pia buibui wakubwa wenye manyoya wachimbao mashimo na kuyatandika hariri ndani. Jike aweza kukaa humo miaka mingi, na anayetaka kujua habari zake hana budi kuwa na subira kama yake. Mfano mkubwa wa subira hiyo ulitoka Australia. Mwaka 1974 Bibi Barbara York Main alianza kuhesabu na kutia alama mashimo ya buibui wafunikao milango yao kwa kifuniko. Jike mmoja, aliyepewa namba 16, aliendelea kuchunguzwa mpaka shimo lake lilipokutwa tupu mwaka 2016. Alikuwa amefikia umri wa miaka 43, na yaonekana aliuawa na nyigu.

Kutoka nyika ya Marungu, Milima ya Taita iko upande wa kaskazini-magharibi. Misitu iliyobaki juu yake, kama Mbololo, Ngangao na Chawia, ni vipande tu, lakini ndani yake wamo viumbe wasiopatikana penginepo. Mwaka 2002 Charles Warui wa Kenya na Rudy Jocqué wa Ubelgiji walieleza jamii mpya ya buibui, wakaiita Toxoniella, na aina yake moja wakaipa jina la Toxoniella taitensis, yaani wa Taita. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ukoo huo kuandikwa kutoka Afrika ya Mashariki.

Aina za buibui zilizokwisha kupewa majina zimepita 50,000, na za nge 2,500, kwa hiyo kuthibitisha kwamba aliye mkononi ni mpya si kazi ya siku moja. Mara nyingi buibui mchanga hafai, kwa kuwa aina hutofautishwa kwa viungo vya uzazi vya mkubwa, navyo hutazamwa kwa hadubini na kuchorwa kwa mkono. Kisha huhifadhiwa katika chupa ya spiriti pamoja na karatasi iliyoandikwa mahali alipopatikana, tarehe, kimo cha nchi na jina la aliyemkamata. Karatasi hiyo huandikwa kwa kalamu ya risasi, maana spiriti hufuta wino wa kawaida, na chupa isiyo na karatasi karibu haina kazi tena, hata kama aliyemo ni wa aina isiyopata kuonekana.