Kitabu Chakavu na Jina la Kanga

Shangazi yangu alinikuta mezani nimeshika wembe, kitabu kiko wazi mbele yangu na vipande vya karatasi vimetapakaa sakafuni. Akasimama mlangoni kitambo, kisha akauliza: "Mwanangu, kitabu nacho kimekukosea nini?" Siku ile sikuwa na jibu.

Kilikuwa mwongozo wa zamani wa kilimo, nilioununua kwa wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza kando ya barabara hapa Dar es Salaam. Wadudu walishaanza kuula pembeni. Kilichonitia wazimu ni habari za Tom Phillips, msanii wa London. Mwaka 1966 alijiwekea sharti kwamba kitabu cha kwanza atakachokipata kwa peni 3 ndicho atakachokifanyia kazi. Akaangukia riwaya ya W. H. Mallock ya mwaka 1892, ambayo hakuna aliyekuwa akiikumbuka. Akawa anachora na kupaka rangi juu ya kurasa zake, akibakiza maneno machache yanayosomeka, na maneno hayo yakazaa hadithi nyingine kabisa. Kazi hiyo, A Humument, aliirudia na kuirudia hadi toleo la mwisho la 2016. Miaka 50 na kitabu kimoja!

Nikamwiga, nikaharibu kurasa kama 20. Zilikuwa na rangi nyingi na maana haba. Jioni moja nilikuwa nakunja nguo zilizoanuliwa, nikaishika kanga kwa ncha zake, na hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nakitafuta. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ukurasa nao una ukingo mtupu kuzunguka maandishi, una kiwiliwili katikati, na ndani ya maandishi yale kuna jina limejificha linasubiri kutolewa.

Tangu siku hiyo naanza kwa kusoma. Nausoma ukurasa mzima na penseli mkononi, nikizungushia maneno yanayoweza kukaa pamoja. Ukurasa wa kupandikiza miche ulinipa "usihamishe", mistari mitatu chini yake "mizizi", na karibu na mwisho "kabla ya mvua". Usihamishe mizizi kabla ya mvua. Bwana shamba aliandika maelekezo. Nilipoyaondoa maneno ya jirani, yakabaki maneno ya kanga. Usilazimishe, lakini. Kuna kurasa hazina jina, zifunue upite.

Maneno nisiyoyataka mimi huyaondoa kwa wembe. Kabla ya kukata, kiandae kitabu. Chagua kilichoshonwa kwa uzi, maana vile vya gundi tupu huachia kurasa zote ukishachomoa chache. Na utachomoa, kwa sababu gundi na rangi hukinenepesha kitabu mpaka kikagoma kufunga. Mimi huondoa ukurasa mmoja katika kila kurasa nne au tano. Kisha gandisha kurasa tatu pamoja kwa gundi nyeupe ya seremala iliyopakwa nyembamba, weka plastiki juu na chini ili isishike kwingine, kandamiza kwa kitu kizito. Wakati wa masika acha siku mbili. Mara ya kwanza nilikata baada ya saa chache, karatasi ikachanika kama chapati ya moto.

Sasa wembe. Weka kadibodi nene chini ya ukurasa, la sivyo utaukata mji wa ukurasa unaofuata pia (nimefanya hivyo, mara mbili). Anza na matundu madogo ya katikati, malizia na makubwa ya pembeni. Ukianza na makubwa karatasi inalegea na kuyumba. Kwenye mkunjo geuza kitabu, mkono utulie. Wembe ukianza kuburuza, badilisha mara moja. Na kila neno unalolibakiza liwe na kijidaraja cha karatasi kinacholishika, kwa sababu neno lisiloshikwa na kitu litadondoka. Wachonga milango wa Zanzibar wanalijua hili kwenye mbao: ua linaonekana kwa sababu ya kilichoondolewa kando yake.

Kwa pindo natumia ujanja mwepesi wa kukunja karatasi na kukata pande zote mbili kwa pamoja. Hans Christian Andersen alikuwa akifanya hivyo kwa mkasi huku akisimulia hadithi, kisha anakunjua na wasikilizaji wanaona picha. Mimi siwezi kuongea nikikata. Hukata kipande cha karatasi ya rangi pembeni, nikakibandika kwenye ukingo wa ukurasa.

Kuna vitabu sivigusi kamwe: vya dini, vyenye mwandiko wa mtu wa familia, na kitabu chochote cha Kiswahili ambacho sijakiona dukani kwa miaka mingi. Watu wengine hukata chochote kinachoingia mkononi. Hilo sikubaliani nalo. Miongozo iliyopitwa na wakati na katalogi za mashine zimejaa, na zina maneno matamu kuliko unavyodhani.

Juzi shangazi alirudi. Nikampa ule ukurasa wa miche, umekamilika, pindo jekundu na jina katikati ya matundu. Akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akasoma taratibu, akanitazama juu ya miwani.

"Hili," akasema, "umemlenga nani?"