Njia za Kufikia Kazi ya Sayansi

Hapa Mwakitolyo tunachimba dhahabu. Mawe hutolewa kwenye duara. Husagwa kwenye karasha. Kisha mchanga huoshwa na kutiwa zebaki. Zebaki hushika dhahabu. Ikichomwa, zebaki hugeuka mvuke na kwenda hewani. Dhahabu hubaki.

Mvuke huo ni sumu. Huharibu ubongo na figo. Humdhuru hata mtoto aliye tumboni. Tumejuaje? Watu wa sayansi waliuliza, wakapima, wakatueleza. Tunahitaji watu kama hao watoke kijijini kwetu.

Wengi wetu hudhani kwamba njia ya sayansi ni moja tu, nayo ni ya watoto wa mjini. Sivyo. Njia ni nyingi.

Kijana aliyeuliza

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto. Siku moja wanafunzi walitengeneza aiskrimu. Mpemba aliweka maziwa yake kwenye jokofu yakiwa ya moto. Yaliganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa! Aliuliza sababu. Aliambiwa amekosea. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walimcheka. Lakini Osborne aliagiza jambo hilo lipimwe. Mwaka 1969 waliandika pamoja juu ya jambo hilo. Mpemba mwenyewe alisomea wanyamapori katika chuo cha Mweka. Hata leo wataalamu duniani wanabishana juu ya swali lake, nao huliita kwa jina lake.

Njia nne

1. Kijana hufaulu masomo ya sayansi na hisabati kidato cha nne. Husoma kidato cha tano na cha sita. Kisha huingia chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha elimu ya miamba, yaani jiolojia.

2. Baada ya kidato cha nne, kijana huenda chuo cha kati. Chuo cha Madini, Dodoma, hufundisha jiolojia, uchimbaji na uchenjuaji. Hupata cheti, kisha stashahada. Akifaulu vizuri, aweza kuendelea hadi chuo kikuu.

3. Kijana hujifunza ufundi, kama umeme au mitambo. Vyuo vya VETA hufundisha kazi hizo. Shinyanga kipo kimoja. Migodi na maabara haviendi bila mafundi.

4. Aliyeacha shule hurudi kwa njia ya elimu ya watu wazima. Hufanya mtihani wa maarifa. Akifaulu, hufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akitaka sayansi, aulize mapema kama kituo kina maabara. Sayansi haisomwi kwa daftari peke yake.

Tena, tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyepata mtoto kurudi katika shule ya kawaida. Basi asiambiwe kwamba elimu yake imekwisha.

Wajibu wetu

Angalia njia hizi. Njia ya kwanza, ya pili na ya nne zote hupita kidato cha nne. Huo ndio mlango. Mtoto anayetolewa shuleni ili akaoshe mchanga mwaloni huleta fedha leo. Fedha hiyo huliwa ikaisha, na mlango huwa mgumu kufunguka. Mwache asome. Akiuliza swali usilolijua, usimkaripie. Mwambie amwulize mwalimu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Maswali

1. Kwa nini mvuke wa zebaki ni hatari?
2. Mpemba alifanya nini alipoambiwa amekosea?
3. Taja njia nne za kufikia kazi ya sayansi.
4. Zungumzeni katika kikundi: Ni watoto gani wa kijiji chetu walioacha shule? Tufanye nini ili warudi?