Kabla ya Kununua Runinga Kubwa, Pima Sebule na Upime Macho

Wiki hii tutazungumzia kifaa ambacho hakiuzwi katika duka la dawa, lakini nakiulizwa karibu kila wiki na wagonjwa: runinga. Hasa hizi za kisasa za picha safi, zinazoitwa HD.

Nitaanza na kisa kutoka Rabai. Kijana mmoja anayefanya kazi Mombasa alimnunulia baba yake runinga ya inchi 32. Baada ya muda mzee akalalamika kwamba picha ina ukungu. Kijana akailaumu ile seti, akaleta ya inchi 43. Mzee akafurahi kwa miezi michache, kisha akaanza tena kuburuta kigoda chake hadi karibu na kioo. Ikaletwa ya inchi 55, iliyobebwa kwa uangalifu juu ya matatu kutoka Mazeras. Hata hiyo mzee alisema ni feki, rangi zake zimepauka na taa za magari kwenye picha zina duara la mwanga.

Alipoletwa kliniki ilikuwa ni kwa sababu ya kikohozi. Nilipomwangalia usoni niliona mboni zote mbili zina weupe. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho. Familia ilikuwa imetumia pesa kununua runinga tatu kutibu ugonjwa ambao runinga haiwezi kuutibu.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza ni jinsi ya kuchagua runinga inayofaa macho na nyumba yako. La pili, ambalo ni kubwa zaidi, ni kutambua wakati ambapo kasoro haiko kwenye runinga.

HD NI NINI?

Picha ya runinga imeundwa kwa nukta ndogo za mwanga, ziitwazo pikseli. Kadiri nukta zinavyokuwa nyingi katika eneo lilelile, ndivyo picha inavyokuwa laini. Picha ya HD ya kawaida ina nukta 1,280 kwa upana na 720 kwa urefu. Ile inayoandikwa "Full HD" ina 1,920 kwa 1,080. Ile ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, yaani nukta mara nne ya Full HD.

Muuzaji atakwambia kwamba nukta nyingi ndizo bora. Lakini jicho lina kikomo chake. Mtu mwenye macho mazima, akiketi mita 2.5 kutoka kwa kioo, anaweza kutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa takriban milimita 0.7. Zikikaribiana zaidi ya hapo, anaziona kama kitu kimoja.

Sasa piga hesabu. Runinga ya inchi 43 ina upana wa karibu sentimita 95. Ikiwa ni Full HD, nukta zake zimeachana kwa nusu milimita tu. Kwa hiyo, ukiwa umbali wa mita 2.5, tayari huwezi kuziona. Ukilipa zaidi ili upate 4K ya ukubwa huohuo na uketi palepale, jicho lako halitaona ule ulaini ulioulipia. Manufaa ya 4K huonekana kwenye kioo kikubwa, au kwa mtu anayeketi karibu sana.

Jambo jingine ni kwamba runinga haiwezi kuonyesha usafi ambao haukutumwa. Kama kituo kinatangaza picha ya kawaida, kioo cha 4K kitainyoosha tu ile picha hafifu, na pengine mapungufu yake yataonekana zaidi.

PIMA SEBULE KWANZA

Inchi za runinga hupimwa kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, si upana. Kabla ya kwenda dukani, chukua futi ya fundi na upime kutoka mahali vichwa vya watazamaji vinapokuwa hadi ukuta wa runinga. Mwongozo huu utakusaidia:

Inchi 32: kaa kati ya mita 1.2 na 2.

Inchi 43: kaa kati ya mita 1.6 na 2.7.

Inchi 55: kaa kati ya mita 2.1 na 3.5.

Sebule nyingi za nyumba zetu, iwe ni chumba cha kupanga Mombasa au nyumba ya wazazi Rabai, hazizidi mita tatu kutoka kiti hadi ukuta. Hapo inchi 43 inatosha kabisa. Runinga kubwa kupita kiasi humfanya mtu azungushe macho na shingo muda wote, na jioni analalamika kichwa kinamuuma.

Kimo nacho ni muhimu. Katikati ya kioo pawe sawa na macho ya mtu aliyeketi, yaani karibu mita moja kutoka sakafuni. Runinga iliyoning'inizwa juu karibu na dari kama ya mkahawa huumiza shingo.

JE, RUNINGA HUHARIBU MACHO?

Wazazi huniambia: "Daktari, huyu mtoto anaketi karibu na runinga, si atakuwa kipofu?" Hofu hii ina historia. Mwaka 1967 kampuni ya General Electric ya Marekani ilibainika kuwa imeuza runinga za rangi zilizokuwa zikitoa miale ya eksirei kupita kiwango, na watu wakashauriwa wakae mbali. Miale hiyo ilitokana na umeme wa nguvu nyingi uliotumika ndani ya seti za zamani zenye mgongo mkubwa. Runinga bapa za leo hazifanyi kazi kwa njia hiyo.

Kuketi karibu hakumpofushi mtoto. Lakini jiulize kwa nini anaketi karibu. Watoto wengine wanapenda tu, kwa sababu macho yao yanaweza kulenga vitu vya karibu bila taabu. Wengine hawaoni mbali. Kama mtoto huyo pia anakunja uso akitazama mbali, au ananakili vibaya maandishi ya ubaoni, mpeleke apimwe macho. Huenda anahitaji miwani, naye anaadhibiwa shuleni kwa uzembe asiokuwa nao.

Kile ambacho runinga hufanya ni kuchosha macho. Mtu anayekodolea kioo hupepesa mara chache, macho yakakauka, yakawasha na kuwa mekundu. Pumzika kila baada ya muda, tazama nje dirishani, pepesa. Usitazame katika giza totoro. Acha taa hafifu ikiwaka nyuma au kando ya runinga. Mchana, usiiweke mkabala na dirisha, kwa sababu jua letu la Pwani litaakisiwa kwenye kioo. Pia punguza mwangaza. Runinga za dukani huwekwa kwenye mwangaza mkali ili zishindane na taa za duka, na mwangaza huo haufai sebuleni usiku.

WATOTO NA USINGIZI

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Runinga si yaya. Mtoto mdogo hujifunza lugha kwa kuzungumzishwa, na mwili wake hukua kwa kukimbia. Kucheza nje mchana pia husaidia kuzuia tatizo la kutoona mbali.

Usiweke runinga katika chumba cha kulala cha mtoto. Izimwe angalau saa moja kabla ya kulala.

WENYE KIFAFA

Desemba 16, 1997, nchini Japani, watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, walipelekwa hospitalini baada ya kutazama kipindi cha katuni cha Pokémon kilichokuwa na mwanga mwekundu na wa buluu uliomweka kwa kasi. Baadhi yao walipata degedege.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu kifafa si kigeni katika kaunti yetu ya Kilifi, ambako watafiti wa KEMRI mjini Kilifi wamekichunguza kwa miaka mingi. Wengi wenye kifafa hawadhuriwi na mwanga wa runinga. Ni takriban watatu tu kati ya 100. Kwa hiyo usimfukuze mgonjwa sebuleni. Lakini kama imeonekana kwamba mwanga unaomweka humletea kifafa, aketi mbali, taa ya chumba iwake, na mwanga ukianza kumweka afunike jicho moja kwa kiganja. Kufumba macho tu hakutoshi, maana mwanga hupita kwenye kope. Na kubwa kuliko yote, asiache dawa.

ISIANGUKE, ISIUNGUE

Runinga bapa ni nyembamba na huanguka kwa urahisi. Mtoto anayejifunza kutembea huvuta chochote alichokifikia, na inchi 55 ikimwangukia kichwani inaweza kumuua. Iweke kwenye meza pana na fupi, uifunge kwa mkanda nyuma. Usiiweke juu ya kabati la droo, kwani watoto huzifanya droo ngazi. Kama ukuta ni wa fito na udongo, usithubutu kutundika. Ukuta wa mawe ya matumbawe nao humomonyoka. Mwite fundi anayeujua.

Umeme wetu ni wa volti 240, nao hupanda na kushuka. Tumia kifaa cha kulinda runinga, na mvua ya radi ikianza, chomoa waya wa umeme pamoja na wa antena. Ukinunua seti iliyotumika kutoka nje, soma kibandiko cha nyuma kwanza, kwani nyingine zimeundwa kwa volti 110. Tazama pia kama imeandikwa DVB-T2. Kenya ilizima matangazo ya analojia mwaka 2015 na huo ndio mfumo unaotumika sasa. Seti isiyo nao itakulazimu kununua king'amuzi.

WAKATI KASORO IKO MACHONI

Sasa turudi kwa mzee wetu. Kabla ya kubadilisha runinga kwa sababu mtu wa nyumbani haoni vizuri, fanya jaribio hili ambalo halina gharama. Mketishe mahali pake pa kawaida. Mwenye macho mazima aketi kando yake. Washa taarifa ya habari, kisha kila mmoja azibe jicho moja na asome maandishi yanayopita chini ya kioo, halafu abadilishe jicho. Asiyejua kusoma aeleze anachokiona. Kama mmoja anaona na mwingine haoni, au jicho moja linaona kuliko jingine, basi runinga haina kosa.

Mtoto wa jicho ndiye chanzo kikuu cha upofu duniani. Dalili zake ni ukungu, rangi kupauka, na duara za mwanga kuzunguka taa. Hauumi, na hakuna dawa ya matone inayouondoa. Tiba yake ni upasuaji mfupi: lenzi iliyochafuka hutolewa na nyingine kuwekwa, mara nyingi kwa ganzi ya jicho tu, na mgonjwa huweza kurudi nyumbani siku hiyohiyo au siku ya pili.

Presha ya jicho ni hatari zaidi, kwa kuwa mara nyingi huanza kwa kula pembe za upeo wa macho kimyakimya, na kilichopotea hakirudi. Mgonjwa wa aina hii anaweza kuendelea kuona runinga vizuri huku anajigonga kwenye milango. Aliyepita miaka 40 apimwe, hasa kama kuna ndugu aliyepofuka. Mwenye kisukari apimwe kila mwaka. Na ukiona mzee anaongeza sauti ya runinga hadi majirani wanalalamika, apimwe masikio pia.

Mzee wa Rabai alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, na baadaye la pili. Alipokuja kunijulia hali nilimuuliza habari ya ile runinga kubwa. Akacheka. Alisema imerudishwa Mombasa kwa kijana wake, kwa sababu inachukua ukuta mzima. Yeye anatazama ile ya kwanza, ya inchi 32, na sasa anasema picha yake haina ukungu hata kidogo.