SOMO LETU: Kubana mafaili bila kupoteza hesabu za kikundi



Vikundi vingi siku hizi vinaweka hesabu kwa kompyuta. Mafaili yakiwa mengi, tunayabana yawe faili moja dogo la kutuma. Sisi tuliwahi kubana rejista ya mikopo, tukafuta ile yenyewe. Kumbe faili lililobanwa lilikuwa limeharibika. Ikabidi tumwulize kila mama deni lake. Makosa yalikuwa yetu: hatukukagua.

Programu ya kupanga mafaili, kama Total Commander, ni mfano wa karani. Aina ya ZIP anaibana mwenyewe. Lakini ukitaka kubana kwa RAR, anaita fundi wa nje, yaani programu nyingine. Fundi huyo lazima awe ndani ya kompyuta hiyo, na karani aonyeshwe katika mipangilio mahali alipo. Bila hivyo, kazi inalala.

Fuateni hatua hizi:

1. Chagueni mafaili, bonyezeni Alt+F5, mchague aina. Kwa kutuma, ZIP ni nzuri. Kompyuta nyingi huifungua.
2. Kagueni kwa Alt+Shift+F9.
3. Fungueni kwa folda nyingine kwa Alt+F9, mhesabu mafaili kama yametimia.
4. Ndipo mfute, mkiwa na nakala nyingine kwa flashi.

Picha za JPEG hazitapungua sana, zilishabanwa tayari.

Swali la kujadiliana: Kompyuta yenu ikifa leo, nani ana nakala ya pili?